Kwa Nini Hukuitika

Wodi ya Wazazi, Hospitali Kuu
3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sitaanza na "natumai u mzima wa afya", maana sijakuandikia tangu tumzike mama, na wewe si mtu wa kudanganyika na heshima za barua. Nakuandikia kwa sababu jina lako limetumika kunifukuza nyumbani kwangu.

Naandika nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, ndivyo wauguzi wanavyotaka. Mimba ina miezi saba, presha imepanda, miguu imevimba hata kandambili haziingii. Nimekatazwa kushuka kitandani isipokuwa kwenda msalani. Cherehani yangu iko kwa mume wangu, watoto wangu wako kwa wifi, na mimi niko hapa mji wa watu, naangalia dari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanangu mkubwa, yule tunayemwita Bosi kwa sababu tangu ajue kusema anaamrisha nyumba nzima, hasikii tena. Ana miaka minne. Desemba aliugua nimonia, akalazwa, akatibiwa, akapona. Aliporudi akawa mkaidi wa kutisha. Unamwita, hageuki. Unamkataza, anaendelea. Siku moja akausogeza mkono kwenye pasi ya moto mezani kwangu. Nikamwita. Nikamwita tena kwa kelele. Kimya, mkono unazidi kwenda. Nikamzaba kofi. Moja. Sikumficha mtu, baba yake aliporudi safari nilimwambia mwenyewe. Wiki ileile tukagundua mtoto hasikii hata lori la baba yake likipiga honi nje ya dirisha.

Mjomba, unajua mume wangu alisema nini? Alisema, "Ni damu hiyo. Babu yako alimziba mjomba wako masikio kwa kofi, na wewe umemziba mwanangu. Mkono ni uleule." Hadithi yako nilimsimulia mimi, usiku tulipokuwa bado tunapendana. Sasa ukoo wao mzima unaisimulia. Wifi amewachukua Bosi na mdogo wake Kadogo, na mimi nimeambiwa nisikanyage pale "kabla sijawatia watoto kilema kingine".

Wifi anakaa mitaa miwili tu kutoka kiwanda chenu cha uchapaji. Nakuomba nenda ukawaone watoto wangu. Na nijibu swali moja, kwa sababu humu ndani hakuna anayenijibu: kofi moja linaweza kweli?

Mpwa wako,
Mama Bosi


Kiwandani
11 Februari

Mpwa,

Marahaba.

Unauliza kama kofi moja linaweza. Mimi ndiye jibu. Nimeishi ndani ya jibu hilo miaka hamsini.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimeugua kifua kwa muda mrefu, na siku ile ndiyo ya kwanza niliyoruhusiwa kutoka nje niote jua. Nimekaa kwenye kigoda, mgongo nimeupa mlango. Baba akatoka. Wanasema aliniita nimletee maji. Wanasema aliniita mara nyingi. Sikuitika. Nikashtukia kofi la sikio la kushoto, nikaenda chini na kigoda changu. Nilipoinuka, midomo ya watu ilikuwa inacheza na hakuna sauti inayotoka. Bibi yako alikuwa analia. Marehemu mama yako, ambaye alikuwa binti mkubwa tayari, alikuwa anamsukuma baba kifuani. Wote niliwaona. Sikumsikia hata mmoja, na sijamsikia mtu tena.

Basi tangu hapo. Shule nikaachia njiani. Mchumba wa kwanza alisema hawezi kuolewa na mtu wa kupigiwa kelele. Kazi nimepata hapa kwa sababu mtambo mkubwa unawatoa wenzangu machozi kwa kelele, na mimi hauniambii kitu. Baba alipokufa nilisimama kaburini kama mtu anayesubiri basi. Hakuwahi kuniomba radhi.

Na sasa wewe unanitaka nije nikutetee. Kwa lipi? Mtoto alikuwa hana kosa. Ungeweza kuondoa pasi. Ungeweza kumbeba. Ulichagua kofi. Mumeo ana mdomo mchafu, lakini kwa hili hakukosea: zile hasira za baba zimekurukia wewe.

Kwa wifi yako sitaenda. Nikimwangalia huyo mtoto usoni nitamwambia nini?

Mjomba wako


Wodi ya Wazazi
20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka jirani yangu wa kitanda akaniuliza kama nimepata msiba. Nililia siku nzima. Halafu nikakasirika, na hasira imenifaa kuliko machozi, maana ilinifanya nimzuie daktari wa masikio mlangoni.

Ni mama mmoja mfupi, ana haraka, huja wodini kwetu kuangalia watoto wachanga. Nikamwambia, "Daktari, kofi moja linaweza kumziba mtoto masikio yote mawili?" Akasimama. Akasema, "Yote mawili? Ulimpiga upande gani?" Nikamwambia kushoto. Akasema kofi baya linaweza kupasua ngoma ya sikio lililopigwa, na mara nyingi hata hiyo huziba yenyewe. Lakini sikio la upande wa pili, ambalo halikuguswa, linazibwaje?

Mjomba, na wewe ulipigwa la kushoto. La kulia lilizibwa na nani?

Akavuta kiti. Akaniuliza Bosi alitibiwa na nini. Nikamwambia sindano, kila siku, karibu wiki mbili, jentamaisini. Akaniuliza, "Kwenu, upande wa mama yako, kuna mtu aliyepoteza kusikia baada ya kuugua?" Nikamtaja wewe. Nikamwambia, "Lakini huyo ni kofi." Akasema, "Huyo naye alipigwa kofi. Mbona makofi yenu yanafuata ugonjwa?"

Nakueleza alivyonieleza, kwa maneno yake ya haraka. Kuna watu wanazaliwa na kitu kidogo sana ndani ya miili yao, kimetoka kwa mama. Mama huwapa watoto wake wote, wa kiume na wa kike. Ila wa kiume hawawapi watoto wao, wa kike ndio wanaendelea kukigawa. Unaweza kuishi nacho mpaka uzeeni na usijue. Mama yangu alikuwa nacho bila shaka, na unamkumbuka alivyokuwa, alisikia hata mtu akifungua kopo la sukari chumba cha pili. Mimi ninacho, nasikia. Sasa zipo dawa za jamii fulani za sindano, nzuri, zimeokoa watu wengi, na wengi wanachomwa wasidhurike. Lakini mtu mwenye kitu hiki akichomwa, dawa inakwenda kuua masikio. Kitu peke yake hakifanyi hivyo. Dawa peke yake kwa kipimo kile haikupaswa kufanya hivyo. Ni mpaka vikutane. Amesema kipimo cha damu cha kuthibitisha kinapelekwa mbali sana na majibu huchelewa, lakini yeye akiangalia hadithi yetu hana wasiwasi mkubwa.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinitukane kabla hujafikiri. Ulipougua kile kifua, ulichomwa sindano? Na masikio yako yalikuwaje pale kitandani, kabla hujatoka kuota jua?

Babu alikuita mara nyingi. Mwenyewe umeandika. Hukuitika. Hukuwa mtoto jeuri, mama alisema ulikuwa mtoto wa kutumwa. Kwa nini hukuitika?

Mpwa wako,
Mama Bosi


Kiwandani
27 Februari

Umelala kitandani huna kazi, sasa unawafufua wafu uwasafishe.

Baba alinipiga. Nilianguka nikisikia—

Usiniandikie tena.


Safarini
5 Machi

Mama Bosi,

Nakujulisha mambo mawili. La kwanza, cherehani yako iko kwa mlinzi wa ghala letu, tuma mtu aichukue, nyumbani ilikuwa inachukua nafasi.

La pili, Kadogo anaumwa. Kifua, homa, kama kaka yake. Dada anampeleka zahanati ileile na wamesema watampa matibabu yaleyale, kwa sababu yalimponya Bosi. Sikuandikii ili uje. Umekatazwa kutembea na ukija utaleta fujo. Nakuandikia ili usije ukasema kesho kwamba ulifichwa.

Barua yako ya mambo ya sindano niliipata. Mtu akitaka kukwepa kosa lake hata hospitali anaisingizia.

Baba Bosi


Wodi ya Wazazi
7 Machi, alasiri

MJOMBA,

Najua umesema nisiandike. Nitukane baadaye.

Kadogo ana nimonia. Wanampeleka kuchomwa dawa ileile. Ana mwaka mmoja na nusu. Barua ya baba yake imekaa njiani siku mbili, sijui kama wameshaanza. Nimepiga simu duka la jirani ya wifi kwa simu ya ofisi ya muuguzi mkuu, mwenye duka akaenda kumwita, wifi akamjibu, "Mwambie sipo." Nimeshuka kitandani, nikafika ngazi, nikaanguka. Wamenirudisha na sasa wameniwekea muuguzi pembeni kama mfungwa. Daktari wa masikio ameandika karatasi niliyoiambatisha, ina muhuri. Amepiga zahanati, simu inaita tu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la jioni aje agonge mlango wako mpaka uone taa inatikisika.

Sikuombi umsamehe babu. Sikuombi unipende. Nenda tu. Waonyeshe karatasi. Waambie wampe dawa nyingine, zipo, daktari ameziandika hapo. Yule mtoto anasikia, Mjomba. Bado anasikia.


Kiwandani
10 Machi

Mwanangu,

Kwanza: anasikia. Sasa tulia usome mengine.

Kondakta alinikuta alfajiri. Sikungoja kunawa. Nilifika zahanati wakati mlinzi anafungua lango, nikampita, akanishika shati, shati likachanika, na mpaka sasa sijui alikuwa anasema nini na sijali. Wifi yako alikuwa kwenye benchi la korido, Kadogo mapajani, Bosi amechuchumaa sakafuni anachora vumbi kwa kidole. Muuguzi alikuwa anakuja na sinia la sindano.

Unajua mimi sauti yangu siijui ukubwa wake. Nadhani siku ile ilikuwa kubwa. Nilisema, "Usimguse huyo mtoto." Muuguzi akasimama. Watu wote wakasimama. Wifi yako akaanza kusema haraka, nikasoma midomo yake nusu nusu: kichaa, kiziwi, ukoo wa mama yake. Nikamwambia, "Ndiyo, kiziwi. Ndiyo maana nimekuja."

Akatoka daktari wa zamu, kijana, miwani mikubwa. Nikampa karatasi. Akaisoma. Akachukua kalamu akaniandikia: *Jana amechomwa ya kwanza. Una uhakika na historia hii?* 

Hapo ndipo ilinibidi niseme kwa mdomo wangu jambo ambalo nilikukatia wewe katikati ya sentensi.

Nilisema: nilipokuwa na miaka tisa nilichomwa sindano mapajani kila siku, mpaka nikawa siwezi kukaa. Baada ya siku nyingi masikio yakaanza kulia. Mvumo, kama mashine ya kusaga iko ndani ya mto wa kulalia. Nilimwambia mama azime mashine, akadhani ni homa. Kisha mvumo ukaanza kuondoka, na kila kitu kikawa kinaondoka nao. Jogoo aliondoka. Mlango uliondoka. Nilidhani nyumba imenyamaza kwa sababu ya mgonjwa. Nilitoka kuota jua nikiwa tayari nimekwisha.

Nilikuwa najua, mwanangu. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa sijawahi kuyaweka pamoja, hilo la mvumo na hilo la kofi, mpaka ulipoandika swali lako. Kofi halikunifunga masikio. Nilipigwa kwa sababu yalikuwa yamefungwa.

Kijana yule akamwambia muuguzi kitu, sinia likarudi. Wamempa Kadogo dawa nyingine iliyoandikwa kwenye karatasi ya daktari wako.

Sasa ngoja nikuambie jingine, maana hili limenichoma hadi leo. Muuguzi alitaka kupita na kitanda cha magurudumu, akamwambia Bosi asogee. Bosi yuko na vumbi lake. Akamwambia tena. Na wifi yako, huyohuyo aliyesimama mbele ya ukoo wote akasema mkono wako una laana ya babu yako, akainama akamzaba yule mtoto kofi la kisogo. Mbele yangu.

Nikamshika kile kiganja kikiwa bado hewani. Nikamwambia, "Na wewe umetokea upande gani wa baba yangu?"

Kama alijibu, sikumwangalia mdomo. Nilikuwa namwangalia Bosi. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu kwa macho ya mtu aliyezoea kupigwa bila kujua kisa. Nayajua macho hayo.

Nimekwenda kila siku. Jana nilisimama nyuma ya Kadogo nikapiga makofi, akageuka. Nikasogea mbali nikagonga kijiko, akageuka tena akacheka. Daktari kijana amesema wataendelea kumpima.

Ulipomzaba mwanao hukujua. Hilo nakupa. Lakini nilichokuambia kuhusu pasi, sikifuti.

Mjomba wako


Nyumbani
15 Machi

Mama Bosi,

Mjomba wako alikuja mpaka ghalani akaniwekea karatasi za hospitali mbele ya wenzangu. Ameongea kwa sauti kiasi kwamba hata walioko kwenye mizani wamejua mambo ya nyumba yangu.

Nimezisoma. Kwa hiyo mwisho wa yote ni kwamba kilema hiki kimetoka kwako, si kwa kofi, kwa damu. Nilisema damu, sikukosea sana. Lakini sitaki kubishana. Kadogo amepona. Dada amechoka kulea. Nimekusamehe. Ukijifungua rudi nyumbani, tuyamalize kwa ajili ya watoto. Cherehani nimeirudisha ndani.

Baba Bosi


Wodi ya Wazazi
24 Machi

Baba Bosi,

Nimejifungua binti jana asubuhi, kabla ya wakati, mdogo lakini ana mapafu ya mgambo. Juu ya kitanda chake nimebandika karatasi kwa plasta: dawa gani asichomwe. Kila muuguzi anayeingia zamu namsomesha. Wameshanichoka. Safi kabisa.

Sasa nikujibu. Ndiyo, kimetoka kwangu. Kimetoka kwa mama yangu, na kwake kimetoka kwa bibi, ambaye hakuwahi kuinulia mtu mkono wala sauti maisha yake yote. Babu uliyemfanya shetani wa kutishia watu hakuhusika nacho hata kidogo. Wewe ulitaka damu iwe neno la kunifungia mlango. Mimi nimelazimika kujua inafanya nini na haifanyi nini, nikiwa nimelala ubavu mmoja, wakati wewe unaandika habari za cherehani.

Sikumchagulia Bosi alichozaliwa nacho. Zahanati haikujua. Wewe nawe hukujua, na kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa ulichokijua. Nilikuandikia habari za sindano kabla Kadogo hajaguswa. Uliisoma. Ulikuwa na karatasi mkononi na mtoto mwenye masikio mazima, na ukaona ni heri awe kiziwi kuliko mimi niwe na haki. Alichomwa ya kwanza kwa ruhusa yako. Ingekuwa mbili, ingekuwa kumi, leo ungeniandikia tena kwamba ni damu.

Kofi langu ni langu. Sikulikana siku ile, silikani leo, na sisingizii mtu aliyekufa. Nitamwambia Bosi mwenyewe siku nitakapojua kumwambia.

Hujanisamehe, kwa sababu sikukuomba. Sirudi. Mjomba ana vyumba viwili nyuma ya kiwanda na amewachukua watoto tangu Jumapili. Dada yako aliwakabidhi na nguo zao bila kubishana. Gharama za watoto wako tutazizungumza mbele ya watu. Ukitaka kuwaona, mlango upo, bisha hodi kwa kutikisa taa.

Cherehani iletwe huko. Usiitume kwa mlinzi. Ibebe mwenyewe.

Mama Bosi


Kiwandani
2 Aprili

Mwanangu,

Kitanda chako kipo tayari, na mtoto nimemtengenezea kisusu cha kulalia kwa sanduku la karatasi za kuchapia, mbao zake ni imara. Mumeo alileta cherehani. Alisimama nayo mlangoni akitoka jasho. Sikumsaidia kuishusha.

Unaniuliza kama nimekwenda makaburini. Sijakwenda. Watu wanadhani sasa nimpe baba mkono wa heri. Miaka yote nimemchukia kwa kunifanya kiziwi, na hakunifanya. Haya. Lakini aliishi na mimi miaka mingi baada ya lile kofi, na kila siku aliamini ni yeye, na bado hakuniambia samahani. Kwa hiyo hasira ninayo, ila nimebadilisha anachodaiwa.

Nitakuambia la leo, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwa wengine.

Bosi nilikuja naye kazini. Anapenda mtambo mkubwa. Anauwekea kiganja ubavuni anasikia unavyotetemeka. Nilimgeuzia mgongo kidogo kupanga karatasi. Nilipotazama, kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye roli za mtambo zinazozunguka. Nikapiga kelele. Mimi, mjinga wa miaka sitini, nikampigia kelele mtoto asiyesikia. Hakugeuka. Na nikauona mkono wangu mwenyewe uko juu.

Sikumpiga. Nilimnyanyua kwa fulana nikamweka juu ya meza, nikazima mtambo, nikakaa chini kwenye wino. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niipeleke wapi: kwa baba, kwa mumeo, kwa zile roli. Bosi akashuka mezani, akaja akanitazama usoni karibu kabisa, kama mtu anayekagua mzigo.

Basi nikamfundisha. Hapa kiwandani tuna alama zetu, kwa kuwa kelele haziwaruhusu hata wanaosikia kusikilizana. Nilimwonyesha ya kwanza: viganja viwili vinapishana msalaba mbele ya kifua. Hatari, ondoka. Nikaonyesha roli kwa kidole, nikaifanya. Akaifanya. Nikaonyesha roli tena, akaifanya kabla yangu, kwa nguvu, uso umekunjwa.

Ndipo akaingia msimamizi wetu, yule mwenye tumbo, anakuja kuuliza kwa nini mtambo umezimwa. Bosi akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Akampigia msalaba.

Wenzangu walikuwa wanaanguka kwa kicheko, niliona mabega yao. Msimamizi alirudi nyuma hatua mbili, haki ya Mungu. Nadhani nami nilicheka kwa sauti, maana wote waligeuka kunitazama.

Njoo upesi. Huyu mtoto ana mengi ya kuamrisha na mimi alama zinaniishia.

Mjomba wako